Mtaka zaatari ya mlimani sharti ainame

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza swali ambalo mpaka leo halijanitoka rohoni. Nilikuwa nimerejea kutoka Uhabeshi, nikaingia darasani na fungu dogo la zaatari kavu ya mlimani niliyoinunua kando ya barabara katika nyanda za juu za Bale. Nia yangu ilikuwa njema. Nilitaka wanafunzi wauguse, waunuse na kuuona kwa macho yao mmea ambao hauoti mwituni katika nchi yetu. Fungu likapitishwa dawati kwa dawati. Wengi walinusa wakatabasamu. Baadhi walisema linanuka kama dawa ya meno, na kwa hakika hawakukosea, kama nitakavyoeleza. Lakini binti mmoja aliyeketi karibu na dirisha hakujishughulisha na harufu. Alifungua uzi, akautenga mmea mmoja na mingine, akauinua juu darasa zima lione. "Mwalimu," akauliza, "ikiwa kinachotumiwa ni majani, mbona huu umeng'olewa pamoja na mzizi wake?"

Sikuwa na jibu. Siku ile barabarani nilikuwa nimefurahia bei, nikalipa, nikapanda gari nikaenda zangu. Sikuinama hata mara moja kuangalia mafungu yale yalikuwa yamevunwaje. Tena mimi ndiye mwalimu wa somo lenyewe! Makala haya ni jibu langu kwa binti huyo, ingawa limechelewa. Nakusudia kuonyesha kwamba umbo la mmea huu, tangu mzizi hadi ua, linatuambia namna ya kuuvuna, na kwamba aliyelisoma vyema umbo hilo hawezi tena kuung'oa kwa moyo mkunjufu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Neno zaatari limetujia kutoka Kiarabu, na Waarabu wenyewe hulitumia kwa mimea kadhaa ambayo harufu zake zinakaribiana. Wauzaji wengi wa Nairobi husema thaimu. Hiyo wanayoiuza ni zaatari ya bustani, Thymus vulgaris, ambayo asili yake ni nchi za magharibi mwa bahari ya Mediterania. Ninayoizungumzia mimi ni nduguye wa mwituni, Thymus schimperi, ambayo Waamhari huiita tosinyi. Jenasi ya Thymus, iliyoorodheshwa na Linnaeus mwaka 1753, ina spishi zaidi ya 200 zilizoenea Ulaya, Asia na kaskazini mwa Afrika. Katika bara letu, upande wa kusini zimekomea Uhabeshi. Huko zinajulikana mbili tu, na zote mbili hazioti mwituni kwingineko nje ya nyanda za juu za Pembe ya Afrika.

Sehemu ya pili ya jina lake ni kumbukumbu ya Georg Wilhelm Schimper, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1804. Aliingia Uhabeshi mwaka 1837 kukusanya mimea, akakaa huko maisha yake yote, akafia Adwa mwaka 1878. Maelfu ya mimea aliyoikausha ilipelekwa katika hifadhi za Ulaya, na baadaye Karl Ronniger, mtaalamu wa Austria, akampa mmea huu jina la mkusanyaji huyo. Wanafunzi wangu walicheka nilipowaambia kwamba wenyeji walikuwa wakinywa chai yake na kukolezea vyakula vyao kabla Schimper hajazaliwa. Kicheko hicho kilikuwa na maana. Jina la kisayansi hutusaidia kuelewana dunia nzima, lakini si cheti cha ugunduzi.

Msomaji atauliza: mbona Uhabeshi na si Kenya, ilhali sisi nasi tuna milima? Mmea huu huota kati ya mita 2,200 hivi na mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, mahali penye baridi. Baina ya nyanda za juu za Uhabeshi na zetu kuna bonde pana, kavu na lenye joto, ambamo Ziwa Turkana liko katika kimo cha mita 360 hivi. Kwa mmea wa baridi, bonde hilo ni kama bahari, na milima ni visiwa. Isidhaniwe kwamba hakuna uliovuka. Lobelia kubwa ziko kwao na kwetu pia. Hata baadhi ya jamaa za zaatari, wale wa jenasi ya Satureja, wako katika Mlima Kenya, na mkwea mlima akiwakanyaga husikia harufu inayofanana na ya zaatari. Zaatari yenyewe ndiyo iliyobaki ng'ambo.

Sasa tuutazame mmea wenyewe, tukianzia chini.

Zaatari ya mlimani ni mmea wa kudumu, si wa msimu mmoja. Sehemu yake ya chini ni ngumu kama mti, ingawa mmea mzima huenda usizidi urefu wa kiganja, na mrefu kabisa haufiki magotini mwa mtu mzima. Mashina yake hutambaa, hutawi na kusukana, yakafanya mkeka mzito juu ya ardhi. Yanapogusa udongo hutoa mizizi midogo, na kwa hiyo mmea mmoja hujipanua polepole na kuushika udongo wa mteremko usichukuliwe na mvua. Mkeka wa zaatari wenye upana wa meza si kazi ya msimu mmoja. Ni kazi ya miaka.

Kwa nini ujilaze chini hivyo? Jibu liko katika hali ya hewa. Katika vilele vya Afrika jua la mchana huchoma ngozi, na usiku maji hugeuka barafu. Upepo nao hukausha kila kilichosimama. Karibu na ardhi upepo hupungua, na joto la mchana hubaki kidogo baina ya mashina. Mmea unaoinama huishi mahali ambapo mmea unaojitutumua hukauka. Wahenga waliposema mtaka cha mvunguni sharti ainame, hawakuifikiria zaatari, lakini zaatari ingeweza kuwa shahidi wao.

Likate shina changa kwa upande ulitazame kwa lenzi. Utaona pembe nne. Majani yamepangwa mawili mawili, yakielekeana, na kila jozi imekingama na ile iliyo chini yake. Mwanafunzi anayeujua mrihani, kivumbasi au nana atatambua mara moja kwamba yuko katika ukoo mmoja, ule ambao wataalamu huuita Lamiaceae. Jani la zaatari ni dogo, aghalabu halifikii upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Udogo huo hupunguza eneo ambalo maji huweza kupotelea. Kingo za jani la Thymus schimperi ni laini, hazina meno. Hiyo ndiyo alama nyepesi ya kuitofautisha na nduguye wa milima hiyo hiyo, Thymus serrulatus, ambaye kingo za majani yake zina meno madogo kama ya msumeno.

Liinue jani lielekee mwanga. Utaona vitone vidogo vinavyong'aa. Vitone hivyo ni tezi, na kila tezi ina tone la mafuta lililofunikwa na utando mwembamba. Ukilisugua jani kwa vidole, utando hupasuka na harufu hutoka. Kwa hiyo harufu ya zaatari haimo katika mzizi, wala haimo katika sehemu ngumu ya shina. Imo katika majani, na kwa kadiri fulani katika maua. Namwomba msomaji aishike nukta hii, maana nitairudia.

Mafuta hayo yana kemikali kadhaa, na mbili zilizo mashuhuri ni timoli na kavakroli. Timoli ilitengwa na Mjerumani Caspar Neumann mwaka 1719, na hutiwa katika baadhi ya dawa za kusukutulia na za kusafishia meno kwa kuwa huua vijidudu. Ndiyo maana wanafunzi wangu waliikumbuka asubuhi yao bombani. Mwalimu wa kemia naye ana la kufundisha hapa. Timoli na kavakroli zina fomula moja, C10H14O. Atomi ni zile zile kwa idadi, ila kikundi cha oksijeni na haidrojeni kimekaa mahali tofauti kwenye pete ya kaboni. Kwa mmea wenyewe, mafuta hayo ni silaha. Huwachukiza wadudu na wanyama wengi wanaotaka kuutafuna.

Tena si kila zaatari hubeba silaha ile ile. Mafuta ya Thymus schimperi hutofautiana mahali na mahali: kwingine timoli ndiyo nyingi, kwingine kavakroli. Jambo hili limechunguzwa sana kwa zaatari ya bustani inapoota mwituni kusini mwa Ufaransa, karibu na Saint-Martin-de-Londres. Huko mimea ya bondeni, ambako baridi hujikusanya, ilikuwa na kemikali tofauti na mimea ya miteremko iliyo karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba baridi kali za zamani zilipopungua, ile mimea ya miteremko ilianza kuingia maeneo ambayo awali haikuyaweza. Maana yake ni kwamba mlima mmoja ukipoteza zaatari yake, huenda tumepoteza aina ambayo mlima wa pili hauna.

Tufike kwenye ua. Maua ni madogo, ya rangi ya waridi inayoelekea zambarau, yaliyosongamana kwenye ncha za matawi. Kila ua lina midomo miwili. Wa chini ni kituo cha nyuki kutulia, na wa juu ni kama paa. Stameni ni nne. Kalisi, yaani kikombe cha kijani kinachobeba ua, nayo ina midomo miwili: meno matatu mafupi juu na mawili membamba chini. Ua linapoanguka, mdomo wa kalisi hubaki umezibwa na nywele nyeupe, na ndani yake vijikokwa vinne hukomaa kwa usalama. Anayetaka kujua kama ameshika zaatari ya kweli au jamaa yake tu, na aichunguze kalisi hiyo kwa lenzi.

Charles Darwin aliishughulikia sana familia ya zaatari za Ulaya. Katika kitabu chake cha mwaka 1877 kuhusu namna mbalimbali za maua, alieleza kwamba baadhi ya mimea ya zaatari ina maua yenye sehemu za kiume na za kike pamoja, na mingine ina maua ya kike peke yake. Akaona kwamba hiyo ya kike huzaa mbegu nyingi zaidi. Mwanafunzi akilitafakari jambo hilo ataona kwamba katika mkeka mmoja wa zaatari mimea yote si sawa. Anayeng'oa hovyo hajui ameng'oa mzazi yupi.

Na sasa nirudi kwa swali la binti wa dirishani. Jibu la kwanza ni la kibiolojia. Hakuna sababu yoyote ya kimaumbile ya kuung'oa mmea huu. Kinachotakiwa kimo juu. Anayekata matawi laini kwa kisu au kwa mundu, akaacha majani kiasi chini ya mkato, ameuacha mmea na uwezo wa kuchipua. Asikate mpaka kwenye mti mtupu, kwa kuwa sehemu kuukuu isiyo na majani huchipua kwa shida. Anayeng'oa, kwa upande wake, amechukua majani ya mwaka huu pamoja na ya miaka yote ijayo. Akifanya hivyo wakati wa maua, kabla ya vijikokwa kukomaa, amechukua na mbegu pia. Na pale palipokuwa na mkeka sasa pana udongo mtupu unaongoja mvua.

Jibu la pili ni la kibinadamu, nami nalisema kwa uangalifu. Kung'oa ni kwepesi kuliko kukata. Hakuhitaji kisu, huongeza uzito wa fungu, na mlima usio na mwenyewe huhimiza kila mtu kuchukua kabla hajachukua mwingine. Zaidi ya hayo mashamba ya shayiri yamepanda juu milimani na mifugo imeongezeka, na zaatari imebaki na nafasi ndogo. Mama anayeketi kando ya barabara na mafungu yake anatafuta karo kama mama yeyote wa Nyeri au Kitale. Simlaumu. Wala tusidhani kwamba watu wa milima hiyo hawajui kujizuia. Kule Menz, katika Guassa, jamii ilikuwa na utaratibu ulioitwa Qero, tangu karne ya 17, wa kufunga eneo la nyasi kwa miaka kadhaa ili nyasi zipate kukua kabla ya kukatwa. Utaratibu huo ulivunjika baada ya mageuzi ya ardhi ya mwaka 1975, na baadaye jamii yenyewe ikaanza tena kulilinda eneo hilo. Hekima ilikuwapo. Kilichovunjika ni mamlaka ya kuitumia.

Mnunuzi je? Mnunuzi ndiye mwenye fedha, naye ndiye anayeamua fungu lipi lipate bei. Mimi nililipia mizizi. Laiti ningeuliza fungu lililokatwa liko wapi, na kuwa tayari kuongeza kidogo, ningekuwa nimefundisha somo bora kuliko yote niliyoandika ubaoni mwaka huo.

Asije mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya Uhabeshi. Sisi tuna msandali wetu, Osyris lanceolata. Mafuta ya msandali, tofauti na ya zaatari, yamo katika mti wa ndani wa shina na wa mizizi, na kwa hiyo wafanyabiashara waliuchimbua mzimamzima. Serikali ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukaingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vya porini. Tazama basi tofauti. Umbo la msandali linafanya mavuno yake kuwa mauti, na ndiyo maana sheria kali ilihitajika. Umbo la zaatari linaruhusu kuvuna na kuvuna tena. Anayeng'oa zaatari anaua bila faida hata moja ambayo kisu kisingempa. Mtu hujua tofauti hiyo kwa kusoma mimea, si kwa kusoma sheria pekee.

Hapa ndipo nawageukia walimu wenzangu. Kwa miaka mingi tumefundisha sehemu za ua kama orodha ya majina. Mwanafunzi huchora, huandika sepali, petali, stameni, hupata alama zake, kisha huenda nyumbani akapita juu ya ua lenyewe asilitambue. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019 unadai mwanafunzi aweze kutenda, si kukariri tu. Basi na tumpe cha kutendea. Hatuhitaji kusafiri hadi Bale. Kivumbasi kimejaa kando ya njia, mrihani umo nyuani mwa nyumba za pwani, nana na rosmari zimo katika bustani za shule nyingi. Zote ni za ukoo wa zaatari. Lenzi moja ya mkononi yatosha wanafunzi wanne.

Napendekeza maswali matatu kwa kila mmea unaoletwa darasani. Je, sehemu tunayoihitaji ni ipi? Je, mmea huu hujirudishaje baada ya kukatwa? Na je, ni sehemu ipi ikiondolewa utakufa? Mtoto akiyajibu maswali hayo kwa mkono na jicho lake, atakuwa na elimu itakayomfaa awe mkulima, mganga, mpishi au waziri. Na wanafunzi wanaopenda kilimo wajue pia kwamba zaatari hupandwa kwa vipande vya shina. Kipande chenye vifundo viwili au vitatu, kikifukiwa katika udongo usiotuamisha maji, huweza kutoa mizizi. Aliye na miche yake bustanini hana haja ya kuupora mlima.

Ule mmea ulioinuliwa na binti tuliukausha vizuri zaidi, tukaugandisha kwenye karatasi ngumu kama wafanyavyo wataalamu, na yeye mwenyewe akauandikia jina, mahali ulikotoka na sehemu zake. Uko ukutani katika maabara ya shule. Mzizi wake mrefu unashuka hadi ukingo wa karatasi, na kila mwaka wanafunzi wapya huniuliza swali lile lile. Siku hizi ninalo jibu. Nami nikijaliwa kupita tena barabara ile ya Bale, nitashuka garini, niiname, nitazame mafungu yote upande wa chini kabla ya kutoa hata senti moja.